Kwenda Saa Saba, Kurudi Ishirini na Mbili

Mama mkwe wangu hajawahi kuvaa saa. Hata jikoni kwake hakuna. Mume wangu alimnunulia moja ya ukutani, ya duara, nzuri tu, Mama akaifunika kitambaa na kuiweka juu ya kabati kwa maelezo kwamba inamsemesha akiwa kazini. Muda yeye anaupima kwa unga. Mgeni akichelewa kuondoka, Mama anasema amekaa mpaka unga umeumuka. Foleni ya benki ilimla unga mzima na mkate wake. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alikuwa nami wodini, na mpaka leo huwaambia watu kwamba uchungu wangu ulikuwa wa mikate mitatu, na kwamba sikupiga kelele sana.

Mtaani wanamwita Mama Mkate, na wapo watoto ambao hawajui kama ana jina lingine. Uani kwetu kuna tanuri la matofali lililojengwa na marehemu baba mkwe. Limepasuka ubavuni na kuzibwa kwa udongo mara nyingi hata limekuwa na mabaka. Kwa tanuri hilo Mama alilea watoto wawili peke yake: mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu, na wifi yangu, kitinda mimba, aliyeolewa mbali sana, huko ambako ndege ikipaa hapa haigusi chini mpaka ifike.

Mimi niliingia nyumba hii na darasa la saba langu na mikono isiyojua kukanda. Mama alinifundisha mambo mawili. La kwanza ni kubonyeza. Unga ukiwa tayari, ukiubonyeza kwa kidole shimo linarudi polepole, kama mtu anayeamka bila kuitwa. Likirudi mbio, bado. Lisiporudi, umechelewa. Hilo nililishika wiki ya kwanza. La pili ni kusikiliza. Mkate ukitoka motoni unaupindua, unaugonga kitakoni, unatega sikio. Ulioiva unaitika kama mlango wa chumba kitupu. Mbichi hauitiki. Hilo la pili lilinishinda miaka yote. Nilikuwa nagonga na kusikia kidole changu tu. Kwa hiyo kila tanuri lilipofunguliwa nilimpelekea Mama mkate mmoja popote alipo, awe anafua, awe na wageni sebuleni, naye aliinamisha kichwa, akagonga mara mbili na kusema "toa" au "rudisha." Mume wangu alizoea kutania kwamba mimi sikuolewa na yeye, nimeolewa na sikio la mama yake.

Mwaka juzi mguu wa kushoto wa Mama ulivimba ghafla. Hospitali wakakuta damu imeganda ndani ya mshipa. Alilazwa, akatibiwa, akarudi nyumbani mzima, lakini mimi sikurudi kuwa kama zamani. Tangu hapo kila asubuhi, akikaa kwenye kigoda chake kukata madonge, nachuchumaa mbele yake na kumbonyeza muundi kwa kidole gumba, kisha natazama shimo. La mguuni likirudi mbio ndiyo heri. Mwanzoni alinifukuza kama kuku. Baadaye akawa ananyoosha mguu mwenyewe akiniona nakuja, huku kisu chake kikiendelea na kazi.

"Nimeumuka?" huniuliza.

"Bado, Mama."

"Basi niache nifanye kazi."

Mwaka huu wifi akapiga simu. Alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za nyuma zilikuwa zimeharibika, tena ya pili ilikuwa kubwa, na sisi miezi hiyo yote tulikuwa tukizungumza habari za hii kwa sauti ndogo, kama watu wanaopita karibu na mtoto aliyelala. Madaktari wa kule walishampangia siku ya kupasuliwa. Hakulia. Alisema tu, "Namtaka mama awepo nikiamka." Na Mama, ambaye hajawahi kupanda hata lifti, akajibu kwamba atakuja, kana kwamba ameombwa apitishe mikate miwili nyumba ya pili.

Tiketi ilikuja kwenye simu. Mume wangu akaenda kuichapisha, akarudi nayo, tukaketi mezani kuisoma sote watatu. Wifi alikuwa ametuandikia pia kwamba toka uwanja wa ndege wa huku mpaka wa kule ni kilometa elfu kumi na tatu na mia tano. Hizo kilometa hakuna aliyezijali. Zikishakuwa nyingi kiasi hicho ni sawa tu na kuambiwa mbinguni ni mbali. Tulichotaka ni saa. Mume wangu akasoma: ndege inaondoka saa tano usiku, inatua saa kumi na mbili asubuhi. Tukahesabu kwa vidole, kila mtu vyake, tukakutana kwenye saba.

"Huo si unga mmoja wa usiku?" akasema Mama. "Naukanda jioni, naulaza, asubuhi nauoka. Nitafika haujachacha."

Kisha tukasoma ya kurudi. Inaondoka saa sita mchana, inatua saa nne asubuhi ya siku ya pili yake. Tukahesabu. Ishirini na mbili. Tukarudia, maana vidole viliisha njiani. Ishirini na mbili.

Hapo kila mtu akawa mtaalamu. Mume wangu akasema ni upepo: kwenda unakusukuma mgongoni, kurudi unakuzuia kifuani. Msusi wa jirani, aliyekuja kununua mkate akasahau kuondoka, alisema pengine kule kuko bondeni na huku juu, kwa hiyo wakati wa kurudi ndege inapanda mlima. Mama akawaambia wote wawili hawajui kitu. Watu wakirudi hubeba mizigo mingi, alisema, na chombo kikilemewa hakiendi, hata mkokoteni uko hivyo. Tulicheka sana. Pembeni mwa tiketi kulikuwa na namba na herufi ndogondogo. Mume wangu akasema hayo ni mambo ya kampuni, hata nyuma ya majokofu yapo na hayamhusu mwenye jokofu, akaikunja.

Mimi hofu yangu yote ilienda kwenye kurudi. Nilizikodolea macho zile ishirini na mbili, nikaziacha saba zipite bila kuzitazama usoni.

Wiki moja kabla ya safari tulimpeleka Mama kwa daktari aliyemtibu mguu. Alimpima, akaridhika, akasema anaweza kupanda ndege. Avae soksi za kubana, anywe maji, asikae kitako muda mrefu bila kuinuka. Kisha akauliza safari yenyewe ni ya muda gani, kwa sababu ikizidi saa kumi angemwandikia sindano ya kuzuia damu isigande, apigwe siku ya kuondoka. Mama akamjibu kabla yetu, bila wasiwasi wowote, kwamba ni saa saba. Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia. Daktari akaandika soksi, akasema habari ya sindano tutaizungumza wakati wa kurudi.

Siku ya kuondoka Mama alikanda donge dogo, gumu. Chachu ya nyumba yetu haijafa tangu tanuri lijengwe: kila siku hubakizwa kipande cha unga wa jana kikachanganywa na wa leo. Donge hilo akalitia kwenye kopo la bati lenye mfuniko usiobana, akalifungia mkobani pamoja na pasipoti na pakiti ndogo ya unga mkavu. Alitaka binti yake akiweza kula, ale mkate wa tanuri la baba yake. Nilimwambia uwanjani wanaweza kumnyang'anya. Akasema wakimnyang'anya watakuwa na mkate mzuri.

Tulimsindikiza mpaka kwenye mashine ya kukagulia mizigo. Askari wa kike akalifungua kopo, akanusa, akauliza ni nini.

"Mkate, mwanangu," Mama akamjibu. "Bado mchanga."

Yule askari akatabasamu, akafunika. Kabla Mama hajavuka nilichuchumaa palepale, watu wakitupita na masanduku yao, nikambonyeza muundi juu ya soksi. Aliniwekea mkono kichwani.

"Kesho tanuri ni lako," akaniambia. "Usiwauzie watu mkate mbichi."

Asubuhi ilinikuta na mikate motoni na roho kwenye simu. Saa kumi na mbili ikafika. Nikatoa mkate mmoja, nikaupindua, nikagonga, sikusikia kitu, nikageuka nao mkononi kwenda kumtafuta Mama. Kigoda kilikuwa kitupu. Nikairudisha mikate yote ndani kwa woga, ikatoka na maganda ya rangi ya kahawa. Wateja walinunua, hawakusema neno. Msusi pekee ndiye aliyeniuliza kama nauza mikate au matofali.

Saa moja ikapita, simu kimya. Nikampigia wifi, ikaita mpaka ikakatika. Mume wangu akasema watakuwa kwenye foleni ya pasipoti, na mama yake huenda anabishana na mtu kuhusu kopo. Alisema hivyo huku akifunga na kufungua kisanduku chake cha vifaa, hatoi kitu. Saa mbili nikapiga tena, na tena, mpaka ikapokelewa na sauti ya mtu aliyetoka usingizini.

"Wifi, kuna nini? Mbona usiku huu?"

"Usiku gani? Huku jua limewaka, watu wameshakunywa chai. Mama amefika?"

Akacheka, kicheko kifupi cha mtu mwenye tumbo kubwa, akanieleza taratibu. Kule kwao ndiyo kwanza saa sita usiku. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa nane. Ile saa kumi na mbili ya kwenye tiketi ni asubuhi ya kwao, si ya kwetu, na ilikuwa bado haijafika. Ndege inatembea saa kumi na tano. Kurudi nako ni hivyohivyo, kumi na nne, wala hakuna mlima wowote.

"Kwani mlidhani amepanda nini, roketi?" akasema.

Habari ya sindano ilikuwa mdomoni mwangu. Lakini nilimsikia anavyohema akijigeuza kitandani, na zilibaki siku tatu tu apasuliwe, nikaimeza. Nikamwambia alale. Nikamwambia pia kwamba Mama akifika amtazame miguu, ilikuwa imechoka kidogo. Akasema atamwagiza mumewe, ndiye anayekwenda kumpokea, amtazame palepale uwanjani, aibonyeze kama nifanyavyo mimi.

"Mumeo ambonyeze mama mkwe wake muundi mbele za watu? Utamuua mama yako kwa aibu. Mwache akufikie, umbonyeze wewe."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaacha jokofu la watu likiwa wazi, tukaenda kwa daktari bila hata kubadili nguo. Mimi nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Daktari hakutugombeza. Aliuliza kama Mama alivaa soksi, tukasema ndiyo. Akauliza kama ni mtu wa kukaa tu.

"Mama yangu?" mume wangu akasema. "Hajakaa tangu nizaliwe."

Basi, daktari akasema, hilo ndilo la maana. Akiwa anainuka na kutembea, huenda asipate neno lolote. Kutoka hapa chini hakuna cha kumfanyia. Akitua, mguu mmoja ukiwa umezidi mwenzake, au kifua kikimbana, apelekwe hospitali moja kwa moja.

Tulirudi kwa miguu. Mume wangu alikuwa ametulia kidogo, lakini mimi maneno yale hayakunishusha moyo, kwa sababu namjua Mama kuliko mwanawe anavyomjua. Nyumbani hakai, kweli. Ugenini hainuki. Ni mtu wa adabu sana kwenye nyumba za watu. Haombi maji mara mbili, hampiti mtu magotini, na akipewa kiti anakikalia mpaka aagwe. Nilimwona kama yuko mbele yangu, mkanda umemkaa kiunoni, mikono juu ya mkoba, miguu imeshikana, akiwasubiri wenye ndege wamwambie kwamba amefika. Tena sisi ndio tuliomwambia ni usiku mmoja tu, ulale uamke.

Mchana ule nilikanda unga ambao hakuna aliyeuhitaji. Saa nane, saa ya kutua, nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili. Saa tisa na nusu ikalia.

"Amefika," wifi akasema. "Nimembonyeza. Miguu yote miwili sawasawa, shimo linarudi mbio. Ananiambia nikwambie kwamba bado hajaumuka."

Nikakaa chini, palepale sakafuni, kwenye unga.

Mama mwenyewe alinisimulia baadaye, kwa vipande, kila simu kipande. Alikuwa amekaa vilevile nilivyomwona. Kando yake kulikuwa na bwana mmoja mwenye suti aliyelala kabla hata ya chakula, naye hakutaka kumsumbua. Aliweka kopo mapajani chini ya blanketi, na kila akizinduka aliingiza kidole. Unga ukawa unapanda. Akadhani una haraka kwa sababu ya kuwa juu. Ukafika kwenye mfuniko, ukauinua. Akawa tayari kuambiwa wametua, maana saa saba ndizo hizo, lakini nje ilikuwa giza na hakuna aliyekuwa akikusanya vitu vyake. Akasubiri tena, kwa adabu. Alipobonyeza mara nyingine shimo halikurudi. Punde unga ukanywea, ukaanza kunuka ukali.

"Nikajua hizi si saa saba," alisema. "Unga unaweza kuwa na kiherehere, lakini hauwezi kuchacha kabla ya wakati. Nikamwita yule binti anayegawa maji, nikamuuliza tumebakiza kiasi gani. Akaniambia kama saa tano. Nikamkumbuka daktari na sindano yake."

Hapo adabu ikaisha. Alimgusa yule bwana bega, akamwambia, "Baba, nipishe, nina mguu," na tangu hapo hakukaa tena isipokuwa alipoamriwa. Alitembea kutoka nyuma mpaka lilipo pazia la wakubwa, akageuka, akarudi. Wahudumu walidhani tumbo limemkataa, wakamletea dawa. Abiria wakaanza kumsalimia kila akipita. Kule nyuma karibu na vyoo alimega unga uliochacha, akaulisha unga mkavu na maji, yule binti akimshikia kikombe na kumuuliza nyumbani wanaoka mikate mingapi. Bwana wa suti alishuka na alama ya vidole vyeupe begani na Mama hakumwambia.

Wifi alipasuliwa siku ileile iliyopangwa. Mtoto wa kike, mzima, mwenye hasira za bibi yake. Wifi alipofumbua macho Mama alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, na naambiwa neno lake la kwanza kwa binti yake lilikuwa kwamba uchungu wa kupasuliwa hauna mikate, ni udanganyifu mtupu.

Hapa nyumbani niliendelea na tanuri peke yangu. Siku ya pili mikate iliungua kidogo, siku ya tatu ikawa mbichi katikati, msusi akaurudisha wake akisema huu bado unakandika. Nilikuwa nagonga na kutega sikio hata kichwa kikaniuma, kwa sababu hapakuwa na pa kuupeleka mkate. Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nadhani niliacha kuhangaika, na watu wakaacha kurudisha.

Mama alipiga simu siku wifi aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Huku ilikuwa jioni, kule asubuhi. Nilisikia mtoto akinung'unika karibu, na wifi akimbembeleza.

"Uko wapi?" Mama akauliza.

"Jikoni."

"Funga mlango. Watoto wanyamaze."

Nikafunga. Akaniambia amekanda ule unga wa kopo, ameumua, ameoka katika jiko la wifi, jiko la vioo lenye taa ndani kama duka. Mkate ameutoa sasa hivi na ameushika kwa kitambaa. Wifi ana njaa, ni mara ya kwanza ametamani kitu. Halafu akasita, jambo ambalo si kawaida yake.

"Masikio yangu yameziba tangu ndege ilipoteremka," akasema. "Watu nawasikia, kama wako chumba cha pili. Mkate siusikii kabisa. Sikiliza wewe."

"Mama, mimi hilo unajua lilinishinda."

"Wiki nzima umewauzia watu nini?"

Nikaibana simu sikioni, nikafumba macho. Kule akagonga mara mbili. Nikamwomba agonge tena, asogeze simu. Akagonga. Ilikuja sauti ndogo, nzito, kama mtu aliyegonga ukuta na upande wa pili kuna godoro.

"Rudisha, Mama," nikasema. "Bado kidogo."

Hakubisha. Nilisikia mlango wa jiko ukifunguliwa na kufungwa, na wifi akilalamika kwamba atakufa kwa njaa, na Mama akimwambia anyamaze, aliyesema ni mwenye tanuri. Kisha akarudi kwenye simu. Nilidhani ataniaga akate.

"Haya," akasema. "Tusubiri."

Tukasubiri, simu ikiwa wazi. Hatukuongea mengi. Aliniuliza ufa wa tanuri, nikamwambia nimeuziba. Nilimuuliza miguu, akasema mmoja yuko nao hapo na mwingine pia. Mtoto alikuwa amelala, namsikia anavyopumua. Tulikaa hivyo mpaka harufu ilipomfikia, akasema anautoa tena, nitege sikio.